Ufa Huzibwa kwa Chokaa, si kwa Simiti

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Hapana mtoto wa Pwani asiyeijua methali hii. Twaitumia kwa mwana mtundu, kwa ndoa iliyoingia maneno, kwa deni lililoachwa likalala. Leo, ndugu wasomaji, nataka tuirudishe kwa wenyewe, yaani waashi, maana kabla ya kuwa nasaha kwa watu ilikuwa ni habari ya nyumba. Na tukiirudisha huko, lazuka swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza, kwa kuwa zama zao jibu lilikuwa moja tu. Swali lenyewe ni hili: ufa uzibwe kwa kitu gani?

Nauliza kwa sababu mimi ni mmoja katika wale waliouziba vibaya, na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu.

Nyumba yetu iko Lamu, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya kale, yenye daka na tekani, kiwanda cha wazi, misana miwili, na ndani yenye zidaka ukuta mzima. Nyanya yangu alizaliwa humo, akaolewa humo, na siku aliyofariki alioshwa katika nyumba ya kati, kile chumba ambacho watu wa Lamu walikitenga kwa uzazi na kwa mauti. Baada yake nyumba ikawa ya warithi kumi na mmoja: wengine Mombasa, wengine Malindi, wawili Maskati. Na nyumba ya watu kumi na mmoja, kama mjuavyo, mara nyingi huwa haina mwenyewe.

Mwaka 2011, masika yalipokwisha, ukuta wa ndani ulionyesha ufa na unyevu. Mimi nilikuwa Mombasa, mkono wangu una nafasi kidogo, nikajiona ndiye mwana mwema. Nikanunua mifuko ya simiti, nikamchukua fundi kijana aliyezoea nyumba za matofali, tukaenda Lamu. Kwa siku tisa tukabandua chokaa yote ya kale, tukapiga plasta ya simiti nzito, kisha tukapaka rangi ya mafuta ya kumetameta. Majirani wakanipongeza. Nikarudi Mombasa nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Miaka mitano haikutimia. Unyevu uliokuwa chini ukapanda mpaka usawa wa kifua, kisha ukapita kichwa cha mtu. Plasta ikavimba kama andazi. Chumvi nyeupe ikachomoza kila penye mwanya. Usiku mmoja kipande cha ukubwa wa mlango kikaanguka, wala hakikuanguka peke yake. Kiliondoka na uso wa mawe, na pamoja nao safu mbili za zidaka zilizokuwa zimekaa pale toka kabla ya nyanya yangu kuzaliwa. Huko juu, vichwa vya boriti vilivyoingia katika ukuta ule vilikuwa vimeoza; ukivishika vyamomonyoka mkononi kama mkate mkavu.

Koti la mpira

Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa tangu ujana wake, nikamwomba aje aitazame. Alipofika hakusema neno. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kama tabibu agongavyo kifua cha mgonjwa. Penye chokaa ya zamani ukuta ulijibu kwa sauti nzito. Penye simiti yangu ulilia kama debe tupu. Ndipo akageuka.

"Mwanangu, ni nani aliyeivisha nyumba hii koti la mpira?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Basi nawe livae koti la mpira msimu mmoja wa kaskazi, ulale nalo, uamke nalo. Kisha uje unipe habari ya ngozi yako."

Akaketi juu ya ngazi akanisomesha, na somo lake nalileta kwenu kama nilivyolifahamu.

Nyumba zetu hazina msingi wa zege wala kizuizi cha kukinga maji ya ardhini. Zimekaa juu ya mchanga wa kisiwa, bahari iko karibu, na mawe yake ni ya matumbawe, mawe yaliyojaa vitundu. Maji ya chini hupanda ndani yake kama mafuta yapandavyo katika utambi. Wazee walilijua hilo, wala hawakujaribu kulizuia. Waliyapa maji njia ya kutokea. Chokaa ni laini, nayo yapitisha unyevu. Maji yaliyopanda hutoka ndani yake yakakaushwa na upepo, na chumvi yake ikabaki katika chokaa badala ya kubaki katika jiwe. Chokaa ikichakaa hubanduliwa, ikapakwa nyingine. Kwa ufupi, chokaa hufa ili jiwe liishi.

Simiti haina adabu hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, na haipitishi unyevu kwa wepesi. Maji yakikosa mlango hupanda juu mpaka yakazifikia boriti. Chumvi nayo, ikikosa pa kutokea, hugandamana nyuma ya plasta, ikasukuma na kusukuma mpaka ikaling'oa jiwe uso wake. Tena nyumba ya kale husogea kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa joto na kwa baridi. Chokaa husogea pamoja nayo. Simiti hukakamaa, kisha hupasuka. Na katika ule mwanya mwembamba mvua huingia isipate tena pa kutokea.

"Nyumba hii haikuwa na ugonjwa wa maji," alisema mzee. "Ugonjwa mmeuleta nyinyi. Mmeiziba pumzi."

Nadhani hata neno lenyewe limetuponyoka. Leo ukitaja saruji, mtu hufikiri ile ya mfuko, aina ya Portland, ambayo Mwingereza Joseph Aspdin aliiandikisha kwa jina lake mwaka 1824, na ambayo hapa kwetu ilianza kutengenezwa Bamburi mwaka 1954. Lakini waulize ndugu zetu walio Oman. Huko saruji ni udongo uliochomwa, ukapondwa, ukachanganywa na chokaa. Na ndiyo iliyotumika katika mifereji yao ya maji, ile aflaji iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Neno ni lilelile. Sisi tumelibakisha jina tukakibadilisha kitu.

Jiwe kurudi kuwa jiwe

Vijana wetu wengi hawajapata kuliona tanuu la chokaa likiwaka, kwa hiyo nitalieleza. Magogo hupangwa kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, na juu yake hupangwa mawe ya matumbawe. Moto hutiwa katikati, ukaachwa uwake usiku kucha na zaidi. Joto lataka kukaribia digrii 900, na kwa joto hilo jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungika ndani yake. Linalobaki ni jeupe, jepesi, tena kali. Likimwagiwa maji huvuma na kufuka moshi kama chungu kilichochemka, likajivunja lenyewe likawa unga au uji. Hapo mtu na ajihadhari na macho yake na mikono yake, kwa kuwa huunguza.

Kisha chokaa huwekwa, imefunikwa, ikae. Kadiri ikaavyo ndivyo inavyolainika na kushika vyema. Ikipakwa ukutani huanza kuirudisha ile hewa ya kaboni iliyotolewa na moto, kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka ikawa jiwe tena. Tazameni hekima hiyo. Jiwe lililochimbwa likachomwa, likarudi kuwa jiwe juu ya ukuta wa jiwe mwenzake. Basi si ajabu vikapatana.

Kazi yetu ilianza mwishoni mwa mwaka 2018, kaskazi ikiingia. Amri ya kwanza ya fundi ilikuwa kuivua nyumba lile koti. Tulitumia tindo na nyundo ndogo, kwa kuwa nyundo kubwa huvunja jiwe pamoja na simiti. Amri ya pili ilikuwa kungoja. Kwa miezi mitatu hatukutia kitu. Kila juma tuliipukusa kuta chumvi kwa ufagio, tukaizoa tukaitupa. Ndugu zangu wa Mombasa walinipigia simu kuuliza kama fundi amekimbia. Hakukimbia. Alikuwa akiuacha ukuta unywe upepo.

Boriti zilikuwa mtihani. Kama ulipata kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, jibu ni mkoko. Boriti nzuri hubeba upana wa karibu mita mbili na nusu hadi tatu, na mjenzi wa kale aliukata upana wa chumba kwa kuufuata mti, kama mshonaji akatavyo kanzu kwa kuifuata nguo aliyonayo. Wakataji wetu walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lakini mwaka huo wa 2018 Serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti, na wakataji mikoko wa Lamu nao wakaguswa. Tukanunua boriti za kale kutoka katika nyumba iliyokwisha kuanguka. Zilikuwa ngumu kama chuma. Tukaitegemeza dari kwa nguzo, tukazibadilisha zile mbovu moja baada ya moja, kumi na nne kwa jumla, na kila kichwa cha boriti kikaachiwa nafasi kidogo ya hewa ndani ya ukuta.

Juu yake tukapanga mawe bapa, na juu ya mawe ikaja sakafu yenyewe: chokaa, mchanga na vijiwe, imwagwe na kupigiliwa kwa vipande vya mti. Hiyo si kazi ya mtu mmoja wala ya siku moja. Watu hupanga mstari, wakapiga kwa pamoja, wakarudi, wakapiga tena, mpaka maji yote yakapanda juu na sakafu ikashikana. Siku ya pili, bibi mmoja jirani, aliyekuwa hatoki kitandani ila kwa kusaidiwa, aliomba apelekwe dirishani. "Sauti hiyo," akasema, "sijaisikia tangu nilipokuwa mwari."

Kuta zilipakwa mwisho. Chokaa fungu moja, mchanga mafungu matatu; na mchanga usiwe wa ufuoni, maana huo huja na chumvi yake. Ukuta hunyweshwa maji kwanza. Chokaa hupakwa nyembamba, ikasubiriwa, ikapakwa nyingine. Na jua likiwa kali hutundikwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa pupa. Fundi wa simiti huhesabu siku. Fundi wa chokaa huhesabu misimu.

Kidole kimoja

Zilibaki zidaka. Hizo huchongwa kwa kisu katika chokaa iliyoanza kushika lakini haijawa ngumu, na mchongaji ana muda mfupi tu kabla mkono wake haujakataliwa na ukuta. Mzee mwenyewe macho yamepungua. Aliyechonga zetu ni kijana wa miaka kumi na tisa, mzee ameketi juu ya kiti nyuma yake, akimwambia, "Ingia kidogo. Basi. Toka." Wana wa mzee mwenyewe hawamo katika kazi hiyo, mmoja ni nahodha wa boti ya watalii, mwingine yuko Qatar.

Nilimwuliza, "Mzee, wanafunzi ulionao ni wangapi?"

Aliinua kidole kimoja.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipofahamu kwamba ufa ulio mkubwa hauko ukutani. Mawe tunayo, Maweni, kisiwani Manda, bado yachimbwa. Mikoko ipo, ikikatwa kwa kibali na kwa kiasi. Kinachokwisha ni mikono. Mji mzima wa mawe waweza kusimama juu ya kidole kimoja cha mzee, naye Mola akimwita, hapana kitabu kitakachotufundisha ule mgongo wa kidole ulivyojua kuusikiliza ukuta.

Wako watakaosema kwamba nazungumza habari za anasa. Watasema: simiti yauzwa kila duka, ni rahisi, ni upesi, na mwenye njaa hangojei misimu. Hoja hiyo siidharau, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yangu mwaka 2011. Lakini nilipopiga hesabu ya simiti niliyoitia, na ya kuiondoa, na ya boriti ilizoziozesha, niliona kwamba haraka yangu imenila fedha mara mbili, na zidaka za kale hazikurudi kwa fedha yoyote. Lau mwaka ule ningaliziba ule ufa kwa chokaa na kuutengeneza mfereji wa maji juu ya dari, kazi ingalikwisha kwa juma moja na debe chache.

Wako pia watakaosema kwamba tanuu lala kuni nyingi, na kwamba matumbawe ya baharini ni nyumba ya samaki. Hao wasema kweli. Matumbawe hai yasiguswe. Twatosheka na mawe ya kuchimba nchi kavu na yale ya magofu ya nyumba zilizoanguka. Na kuni ziwe za minazi iliyozeeka na mivinje iliyoanguka. Kulinda nyumba kwa kuharibu bahari si kulinda.

Ngome, nyumba na misikiti

Tena tusidhani kwamba mambo haya hayawezekani. Ngome ya Lamu, iliyojengwa baada ya vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821, ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikatengenezwa kwa msaada wa Sweden, na leo mahali palipokuwa pa minyororo ni mahali pa maonyesho na mikutano. Fort Jesus nayo iliacha kuwa jela mwaka 1958, ikawa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia, miaka kumi baada ya mji wa Lamu wenyewe, ulioingia mwaka 2001. Unguja, katika miaka ya 1990, Shirika la Aga Khan liliitengeneza ile zahanati ya kale iliyoko ufuoni Mji Mkongwe, na waashi waliofanya kazi hiyo wakajifunza upya chokaa na uchongaji.

Lakini Unguja hiyohiyo ina somo jingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilikuwa kubwa, lenye nguzo za chuma, wala si la kufananishwa na nyumba yetu ya Mkomani. Hata hivyo laonyesha jambo moja: kuwamo katika orodha ya dunia hakuzuii ukuta kuanguka. Orodha ni karatasi. Ukuta washikwa na anayeupanda kila mwaka kabla ya masika akaukagua.

Ngome zina Serikali. Makumbusho yana bajeti. Nyumba zetu na misikiti yetu ina nani ila sisi?

Nikianza na nyumba, twajua sote yanayotokea. Warithi hawapatani, dari lavuja, kila mmoja asema si zamu yake. Kisha aja mgeni na fedha, na nyumba yauzwa kwa kuwa imekuwa mzigo. Simlaumu mgeni. Tena wengi wao, nenda Shela ukatazame, huzitengeneza kwa chokaa na boriti, wakawaajiri waashi walewale tuliowaacha sisi. Basi imekuwaje? Mwenye nyumba alala chini ya simiti inayobanduka, na fundi wa babu yake yuko ng'ambo akiichongea zidaka nyumba ya mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Nyumba hupotea kwanza kwa kutotengenezwa, na kuuzwa hufuata.

Misikiti ni jambo zito zaidi, nami nalisema kwa heshima. Pwani hii ina nyumba za Mwenyezi Mungu ambazo umri wake wapaswa kututetemesha. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Msikiti wa Mandhry, Mombasa, watajwa kuwa wa mwaka 1570. Hii imebaki kwa sababu kila kizazi kilipaka chokaa yake. Lakini ni misikiti mingapi ya mitaa, midogo, isiyotajwa katika vitabu, ambayo imevunjwa katika maisha yetu sisi? Mfadhili huja kwa nia njema, akasema: bomoeni, nitawajengea mwingine wenye vigae na marumaru. Kamati hufurahi. Kibla iliyochongwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na udhu huvunjwa kwa nyundo asubuhi moja.

Sisemi kwamba msikiti ni makumbusho. Msikiti ni wa kusaliwa, na watu wakizidi upanuliwe. Nasema tu kwamba kupanua si lazima kuwe kuvunja, na kwamba aliyeujenga wa kwanza naye alitaraji sadaka yake iendelee. Mfadhili anayetaka thawabu aweza kuzipata kwa kumlipa fundi wa chokaa na wanafunzi wanne kwa miaka miwili. Hapo msikiti utasimama, na ufundi nao utasimama. Dini yetu yatuhimiza kuitengeneza kazi kwa ukamilifu, na yatukataza israfu. Kuvunja kitu kinachoponyeka ili kujenga kipya, mimi naona kwamba ni israfu, hata kikiwa cha marumaru.

Nasaha zangu

Kwa hiyo, kwa wenye nyumba za mawe, nasaha zangu ni nne, wala hazihitaji tume ya uchunguzi.

Kwanza, kila mwaka kabla ya masika panda juu ya dari. Safisha mifereji, ng'oa vijiti vya mtini vilivyoota katika nyufa vingali vidogo, na upake chokaa panapohitaji. Mtini ukiachwa miaka mitatu, mizizi yake itakuwa mirithi wa kumi na mbili katika nyumba.

Pili, warithi wawe na sanduku la nyumba. Kabla kodi haijagawanywa, fungu la nyumba litolewe kwanza, maana nyumba ndiyo iliyoichuma kodi hiyo. Sisi tulipatana hivyo, tukaandikiana mbele ya mashahidi, na wa Maskati ndio waliokuwa wepesi kuliko wote.

Tatu, kamati za misikiti na wasimamizi wa wakfu wasikubali mchoro wa mfadhili kabla ya kumleta fundi wa chokaa aukague ukuta na kuugonga. Akisema hauponi, basi. Akisema wapona, asikilizwe.

Nne, na hii ndiyo kubwa, vijana wafundishwe. Vyuo vyetu vya ufundi hapa Pwani vyafundisha matofali na zege, jambo zuri, lakini mwanafunzi wa Lamu au wa Mombasa aweza kuhitimu uashi bila ya kushika chokaa hata siku moja. Hilo ni kama kumfundisha mtoto wa mvuvi kuogelea katika birika. Serikali za kaunti zina uwezo wa kulibadilisha, nasi tuna haki ya kuwauliza.

Masika ya mwaka jana nilikwenda Lamu makusudi, mvua ikinyesha. Niliweka kiganja changu juu ya ule ukuta. Ulikuwa na ubaridi na unyevu kidogo, kama ngozi ya mtu aliyetoka kufanya kazi, na siku mbili baada ya mvua kukatika ulikuwa umekauka. Katika vidaka vya chini watoto wamepanga misahafu yao, na katika vya juu vimerudi vikombe vya nyanya.

Mzee fundi nilimkuta barazani. Wanafunzi wake sasa ni watatu. Akasema akiwapata wawili wengine ataweza kufa bila ya wasiwasi, kisha akacheka akasema afadhali wasipatikane upesi. Mimi sikucheka sana. Aliye na kijana mwenye mikono mizuri na hana kazi, ampeleke Lamu. Mji si mkubwa. Akishuka jetini aulize fundi wa chokaa, ataonyeshwa.

Wabillahi taufiki.